Aliyeitika Jina la Ikupa

Dereva wa bodaboda ndiye aliyemwambia Ikupa kwamba Ikupa yuko nyumbani.

Walikuwa wameiacha lami ya Kilolo mjini kama robo saa hivi, wanapanda katikati ya mipaina, na ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Dereva mwenyewe, Marcelino, alikuwa mtu wa maneno. Kona ya kwanza aliuliza mgeni anatoka wapi, kona ya pili akauliza anakwenda kwa nani. Ikupa akamwambia anakwenda kwa Crispin Kikoti, bwana shamba.

"Basi hutakuta mlango umefungwa," Marcelino alisema bila kugeuka. "Mke wake yupo. Nimempitisha mchana huu kutoka zahanati. Anaitwa Ikupa. Nesi mmoja mpole sana."

Ikupa alimwomba arudie. Marcelino akarudia na nyongeza juu: kwamba ni Mnyakyusa wa Mbeya, kwamba ana kicheko cha kumfanya mgonjwa asahau sindano, na kwamba yupo pale tangu mvua za Machi. Kijiji kizima kinampenda. Halafu akauliza, wewe dada ni nani wake?

Sasa niambie wewe unayesoma, ungejibu nini? Umeshika koti la mtu usiyemjua, pikipiki inateleza, huoni hata mita kumi mbele, na umeambiwa kwamba wewe mwenyewe umeshafika kabla yako. Ikupa alijikuta anajibu kwamba ni ndugu. Jibu lilimtoka lenyewe, na baada ya kulitoa akasikia baridi ambayo haikuwa ya Kilolo.

Usimwone mjinga. Huyu mwanamke alikuwa nesi wa wazazi katika kituo kimoja cha afya jijini Mbeya, mwenye miaka thelathini na mbili na akili zake timamu. Kosa lake lilikuwa moja tu: alimpenda mtumishi wa serikali wakati na yeye ni mtumishi wa serikali.

Walikutana Ubaruku, enzi barua zao zote mbili za ajira zilikuwa bado zinanuka wino. Crispin aliletwa zahanati na mguu uliokatwa na mundu kwenye jaruba la mpunga. Ikupa alimshona nyuzi sita, na katika nyuzi zote sita yule kijana hakuitazama sindano hata mara moja. Alimtazama mshonaji. Siku ya kutoa nyuzi alikuja na nusu gunia la mchele na ombi la kuoa, na Ikupa alicheka mpaka mganga mfawidhi akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Wakaoana. Wakanunua kiwanja palepale Ubaruku, wakamwaga msingi. Mwezi haukuisha, Ikupa akahamishiwa Mbeya mjini. Wakauza msingi, wakanunua kiwanja Isyesye, pembeni ya jiji, wakaagiza tofali. Tofali hazijashushwa kwenye gari, Crispin akapata barua ya kwenda Kilolo, kwao alikozaliwa. Mama yake Ikupa, Esnath wa Uyole, mwanamke asiyemung'unya maneno, aliwaambia waache kabisa kujenga, kwa sababu inaonekana huko ofisini kuna mtu anawasubiri washike koleo ndipo asaini uhamisho. Na alimwambia bintiye peke yake, jikoni, kwamba mume wa mbali na nyumba ya mbali vyote vinahitaji mtu, na mtu huyo akikosekana atapatikana mwingine. Ikupa alinuna siku tatu.

Crispin hakuacha. Alijenga mara ya tatu, kwenye uwanja wa mama yake. Vyumba vitatu, bati la bluu, baraza pana. Ikupa aliiona Krismasi ikiwa haina paa. Tangu hapo aliijua kwa picha za simu tu, maana kituoni manesi walikuwa wachache na likizo ilikuwa haisikiki. Nyumba ilikwisha, ikapakwa rangi, na mwenye nyumba hajalala humo hata usiku mmoja.

Kuhama, afisa utumishi alimwambia, hakuwezekani mpaka apate wa kubadilishana naye: nesi wa daraja lake, aliye Kilolo, anayetaka kuja Mbeya. Yaani uende ukatafute mtu mwenye maisha unayoyataka wewe, naye awe anayataka ya kwako. Ikupa aliandika kwenye kila kundi la manesi la Watsapu. Mwezi wa tatu akajibiwa na Faustina Mgaya, Mbena wa Njombe, nesi wa zahanati iliyoko chini kabisa ya mlima ule ule ilipo nyumba yake. Ikupa alilia kwa furaha akiwa zamu, mzazi aliyekuwa kitandani akamwuliza kulikoni nesi.

Wakawa marafiki kabla ya kuonana. Ikupa hana subira ya kuandika. Yeye hutuma sauti. Kila jioni alimtumia Faustina sauti ndefu ndefu: habari za zamu, za mama yake, za mapazia atakayoweka, za namna Crispin anavyopenda chai yake. Faustina aliposema nyumba ya mtumishi inavuja juu ya kitanda, Ikupa alimwambia ahamie kwake, amtunzie nyumba na amtazamie mama mkwe aliyeharibika macho. Achukue ufunguo kwa Crispin. Na kwa baridi ile avae tu nguo zilizomo kwenye sanduku lake, wasiwekeane adabu za bure.

Ilibaki barua ya makubaliano tu, isainiwe na wote wawili ndipo iingizwe kwenye mfumo. Ya kwanza Ikupa aliituma kwa basi. Faustina akasema imelowa mvua. Ya pili akasema mganga mfawidhi yupo safari. Na dirisha la uhamisho lilikuwa linafungwa Ijumaa. Jumatano alfajiri Ikupa alichukua nakala mbili alizozichapa jana yake, zikiwa zimeshagongwa muhuri wa bosi wake, akapanda basi bila kumwambia mtu. Alitaka kumshtua mume wake. Maskini.

Marcelino alimshusha penye uzio wa mianzi, akageuza pikipiki, na mlio wake ukapotea haraka kuliko kawaida. Nyumba ilikuwepo. Bati la bluu, baraza pana, moshi unatoka jikoni. Dirishani palining'inia mapazia ya kijani yenye maua meupe madogo. Ikupa aliyatazama muda mrefu, kwa sababu ndiyo yale yale aliyoyaeleza kwenye sauti mwezi wa nne, ambayo alisema atayanunua sokoni Mwanjelwa akipata nafasi. Hakuwahi kuyanunua.

Barazani aliketi mama mkwe wake, Mama Blandina, ameupa uwanja mgongo na uso ameuelekeza ndani. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili. Aliinua kidevu, akaita kuelekea kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Ikupa. Ikupa mwanangu."

Ikupa alifungua kinywa kuitika.

"Abee, mama. Nakuja," ilisema sauti ndani ya nyumba.

Ilikuwa sauti yake. Sisemi ilifanana. Alijua namna yeye mwenyewe anavyolivuta neno mama, na alikijua kile kicheko kidogo cha mwishoni ambacho Crispin humtania nacho, na vyote viwili vilitoka humo ndani wakati yeye amesimama uwanjani mdomo wazi. Alishika uzio.

Mwanamke akatoka na kikombe cha chai. Amevaa sweta la damu ya mzee, sweta la Ikupa, na kitenge cha Ikupa, na nywele amesuka twende kilioni kama Ikupa alivyosuka kwenye picha ya simu. Sura tu ndiyo ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba, ya mtu asiyelala vizuri. Alimwona aliyesimama uwanjani na hakuruka wala hakuangusha kikombe. Alitikisa kichwa polepole, mara mbili, kama mtu anayeomba asifanyiwe jambo.

"Kuna mtu," Mama Blandina alisema. "Nasikia pumzi. Nani?"

Ikupa alikwenda akapiga goti, akamwamkia Kihehe kwa kunong'ona. "Kamwene, mama."

"Kamwene." Bibi alimshika mikono, akaipapasa vidole kimoja kimoja. "Mikono ina baridi hii. Umetoka mbali. Unaitwa nani, mgeni?"

Hapo ndipo angesema. Neno moja lingetosha, na mambo yangeishia pale barazani. Lakini hasira ikikupanda huku umeogopa, hukufanyisha vituko. Ikupa alimtazama yule mwenzake machoni, akasema kwa ukali wa kumkomoa:

"Naitwa Faustina."

Alitegemea mwenzake ataanguka kwa aibu. Faustina wa kweli alishusha macho tu. Mama Blandina ndiye aliyefurahi, akampigapiga kiganja.

"Aa, Faustina. Ikupa amekusema sana. Wewe ndiye nesi wa kwenda Mbeya. Pole mwanangu, kuhamahama kunachosha. Kaa unywe chai, utasafiri ukiwa umeshiba. Ikupa, mpe mwenzako viazi."

Na Ikupa akakaa. Alikaa kwenye kigoda cha wageni, kwenye baraza lake, akapewa chai katika vikombe alivyotunzwa harusini, akashukuru. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi na sukari kidogo, kama anavyoipika yeye. Mama Blandina alimsimulia habari za mkwewe: alivyo mcheshi, asivyopenda giza, anavyomwimbia nyimbo za kanisani za Kinyakyusa. Kila alichosimulia kilikuwa kweli. Ilifika mahali Ikupa akajishika shavu kuhakikisha lipo.

Faustina aliporudi jikoni, Ikupa alimfuata. Vikombe vilikuwa vimepangwa rafuni mikono yote imetazama ukutani. Ni mtindo wa Ikupa toka utotoni, mama yake humgombeza kwa hilo mpaka leo. Akaufunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini nini kinaendelea ndani ya nyumba yake.

Faustina hakukana chochote. Alieleza akiwa anamenya viazi, kisu hakisimami. Kumbe Mama Blandina, tangu paa lilipopanda, alikuwa kila asubuhi na kila jioni anakuja mlangoni na kumwita mkwewe kwa jina, ili nyumba imzoee mwenyewe kabla hajaja. Hiyo ilikuwa imani yake bibi, hakufundishwa na mtu. Nyumba ilikuwa tupu, hakuna anayeitika, naye aliita mpaka koo likauke. Siku mbili za kwanza Faustina alikaa chumbani akimsikiliza. Siku ya tatu alishindwa.

"Nikaitika," alisema. "Mara moja tu, dada, nimpumzishe. Akalia. Akasema umefika mwanangu, akakitangazia kijiji, na mimi nilikuwa bado mgeni hapa. Sasa ningemwambiaje?"

"Ungemwambia wewe ni nani."

"Ndiyo. Ningemwambia."

"Na sauti? Sauti yangu umeitoa wapi?"

Faustina alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si ulinitumia mwenyewe. Miezi minne. Nikikosa usingizi nazisikiliza tena toka mwanzo."

Ikupa alikumbuka jinsi alivyokuwa akijilaza kitandani Mbeya, simu mdomoni, akijimimina kwa mtu asiyemwona, na mtu huyo kule anamkusanya.

Pikipiki iliingia uwanjani. Mlio ule Ikupa angeujua hata ndotoni. Aliisikia inazimwa, akasikia buti za mpira zinagongwa tope kwenye ngazi. Miezi saba. Chuki zote zilimtoka, alitaka tu kukimbia akamrukie shingoni kama mtoto.

"Ikupa," Crispin aliita toka nje.

"Abee," aliitika Ikupa.

"Abee," aliitika Faustina.

Walisema pamoja, kwa sauti moja, kiasi kwamba asiyeona angedhani aliyeitika ni mtu mmoja. Kisu kilianguka karaini. Faustina alijiziba mdomo kwa kiganja chenye wanga wa viazi. Nje, buti zilikuwa zimesimama.

Crispin alifungua mlango. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, kofia ya sufu mkononi. Macho yake yalikwenda kwa aliyevaa sweta, yakaja kwa aliyevaa koti la safari, yakarudi. Ilikuwa muda mfupi tu, lakini Ikupa aliuhesabu. Kisha uso wa mume wake ukafunguka, macho yakajaa, na akamtazama kama alivyomtazama siku ile ya nyuzi sita.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja. Nimeambiwa njiani kwamba nipo."

Crispin alisogea, Ikupa akarudi nyuma mpaka rafu ikamgusa mgongo. Akaanza kujieleza haraka haraka: kwamba yeye halali humu, analala nyumba ya zamani kule chini, mama ndiye analala humu na nesi, aulize kijiji kizima, hajawahi kumgusa huyu dada hata mkono.

"Sijauliza hilo," Ikupa alimkata. "Mama haoni. Wewe unaona. Kwa nini na wewe unamwita jina langu?"

Crispin alikaa kwenye gunia la mkaa. Alikuwa akiizungusha kofia vidoleni.

"Mwanzo ilikuwa kwa ajili ya mama," alisema. "Nilipiga simu nikwambie, mtandao ukakata, nikasema nitakwambia kesho. Halafu..." Aliiweka kofia gotini. "Ikupa, nimejenga mara tatu. Kila msingi nimeuchimba nikijua kesho kutwa itakuja barua. Nikitoka mashambani jioni, naingia uwanjani, nyumba imezima. Siku moja nikaita, nikaitikwa. Sauti yako. Nilisimama pale nje, sikuingia. Nilisimama tu nikasikia umo ndani. Tangu siku hiyo naita kabla sijafika mlangoni, ili nisimwone nani ameitika."

"Na mimi Mbeya? Nilikuwa nani?"

"Wewe ndiye niliyekuwa namwita."

Ikupa alimwamini. Hilo ndilo lililomtisha kuliko kama angekuwa anadanganya. Angemkuta na mwanamke kitandani angejua la kufanya. Wanawake wa kwao wanalo jibu la jambo hilo. Lakini huyu alikuwa amemkosa yeye kwa dhati mpaka akajitengenezea mwingine, na hata sura ya yule mwingine hakuijali.

Akamgeukia Faustina. Akatoa barua mkobani, akaiweka mezani kati ya maganda ya viazi, akasema ile iliyolowa haikulowa, na mganga mfawidhi hakuwa safari. Faustina akakubali kwa kichwa. Zote mbili ziko chini ya godoro, safi.

"Sitaki kwenda Mbeya," alisema, na sasa alisema kwa sauti nyingine, nzito, ya Njombe, sauti ambayo Ikupa hakuwahi kuisikia. "Miaka kumi na moja kazini. Vituo vitano. Ludewa, Makete, Mufindi, huku na huku. Vitu vyangu vyote vinaingia kwenye begi moja na ndoo mbili. Wewe unalia nyumba yako iko mbali, dada. Mimi sina hata ya kuwa mbali. Hapa jioni mtu ananiita nikale."

"Anamwita Ikupa akale."

"Najua."

Ukungu ulikuwa umefika dirishani, jikoni pakawa giza kabla ya saa yake, na Crispin akawasha taa. Ikupa alimwonea huruma yule mwanamke, huruma ya kweli, ya mtumishi kwa mtumishi. Alijua yale maisha ya kula huku unatazama begi. Na alijua pia kwamba Faustina akikataa, hakuna mfumo wala afisa utumishi atakayemlazimisha, kwa kuwa kubadilishana ni hiari ya wawili. Ijumaa ingepita. Yeye angerudi kituoni kwake, na hapa kila jioni jina lake lingeendelea kuitwa na kuitikwa bila yeye. Baada ya mwaka, nani angekumbuka kwamba hakuwepo?

"Ufunguo nilikuazima, dada," alisema. "Na sweta nilikuazima. Jina sikukuazima. Kule Mbeya chumba changu kina jua la asubuhi, na mama yangu yuko jirani, atakusumbua kwa ndizi mpaka uchoke. Nitamwambia akuite kula. Lakini utaitwa Faustina. Saini."

Faustina alilia kidogo, bila sauti. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua kalamu, akainama. Barua ilikuwa imechapwa tayari, pameachwa nafasi yenye nukta ya jina la anayekubali. Aliandika vizuri, kwa mwandiko wa kadi za kliniki, akasaini, akaisukuma.

Ikupa aliisoma chini ya taa. Mimi, Ikupa Mwakalinga, muuguzi wa Mbeya, nimekubaliana kubadilishana kituo cha kazi na Ikupa Mwakalinga, muuguzi wa Kilolo.

Aliisoma mara mbili. Alipoinua macho, Faustina alikuwa anamsubiri kwa uso wa mtu aliyemaliza kazi yake.

"Nimekosea mahali?" aliuliza.

Ikupa akatoa nakala ya pili, akaitandika mbele yake bila haraka. "Jina lako, dada. Hapo andika jina lako."

Faustina alishika kalamu. Akaiweka kwenye karatasi, akaiinua. Akaiweka tena. Midomo ilikuwa inasogea. Alitazama rafuni kwenye vikombe, akatazama dirishani, jasho likamtoka puani na baridi ile yote.

"Mume wangu," Ikupa alisema, "msaidie. Mwambie anaitwa nani."

Crispin alifungua kinywa. Alimtazama yule mwanamke aliyekula naye meza moja miezi minne, akafikiri, na Ikupa alimwona mume wake anatafuta jina kichwani kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Alikifunga kinywa. Kisha akainamisha kichwa, akaufunika uso kwa ile kofia ya sufu.

Basi ikabidi afanye Ikupa. Alimshika Faustina bega, akainama mpaka sikioni, akatumia sauti anayoitumia kwa wazazi wanaozinduka baada ya upasuaji wasijue wako wapi.

"Unaitwa Faustina Mgaya. Ni nesi. Kwenu ni Njombe. Andika taratibu."

Aliandika herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza akavua sweta, akalikunja, akaliweka mezani. Akaingia chumbani akatoka na begi moja na ndoo mbili. Crispin alitaka kumbebea, akakataa kwa mkono.

Barazani alipiga goti kuaga. Ikupa aliyasikia maneno yao toka jikoni. Faustina alimwambia bibi ukweli wote, kwa sauti yake ya Njombe, na Mama Blandina alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Kumbe aliyekuwa ananiitikia ni wewe," bibi alisema.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Uliitika vizuri," Mama Blandina alisema. Hatua za Faustina zilishuka kuelekea zahanati, ndoo zinagongana, mpaka zikaacha kusikika.

Ikupa alibaki jikoni peke yake. Barua aliikunja mara mbili, akaiweka kifuani. Alikuwa amepata vyote alivyovifuata: uhamisho, nyumba, mume. Baridi ilikuwa kali, akachukua sweta lake mezani, akalivaa. Lilikuwa bado na joto la mwingine. Mabega yalikuwa yamechukua umbo lingine pia, yakamkaa vibaya.

Alimsikia Crispin uwanjani anaosha buti, anaosha uso, anakohoa. Hatua zake zikapanda ngazi, zikasimama nje ya mlango. Hakufungua. Na kwa upole ule ule wa Ubaruku, upole uliomfanya Ikupa aiache Mbeya na mama yake na kila kitu, mume wake aliita.

"Ikupa."

Ikupa hakujibu. Alisimama katikati ya jiko, amezuia pumzi, macho kwenye mlango wa chumbani, akisikiliza kama kuna atakayeitika.